Chumvi Niliyomtilia Mume Wangu kwa Siri

Admin, asalaam aleikum. Jina langu lifiche na mtaa wangu pia, maana Malindi ni ndogo na watu wangu wengi wamo humu kwenye ukurasa. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, nina watoto wawili na wajukuu. Haya ni mambo ya miaka ya themanini, lakini mwezi uliopita yamenirudia kwa namna ambayo siwezi tena kunyamaza.

Nilizaliwa upande wa Ganze nikaolewa Malindi nikiwa na miaka ishirini na moja. Kupika nilikokujua ni sima na mboga. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha kukuna nazi, kukamua tui la kwanza na la pili, na kupalia wali makaa. Hakunicheka hata siku niliyounguza sufuria yake. Nyumba ile, mtu na mkewe hula sahani moja. Kwetu wanaume walikula kivyao, kwa hivyo kukaa mkekani na mume wangu, akanimegea mnofu wa samaki na kuusogeza upande wangu, kwangu hayo ndiyo yalikuwa mapenzi. Sikutaka mengine.

Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya, mume wangu akaanza kuumwa na kichwa na kutokwa na damu puani. Daktari akasema ni presha, tena ya juu, na figo zimeshaguswa. Akampa vidonge na kumkataza chumvi kabisa. Wenzake kazini walimtania: mtu ashinda kwenye chumvi na kwake hailambi! Siku ya kwanza naye alicheka.

Nikawa napika sufuria mbili, yake chapwa na yangu ya kawaida. Nilijaribu kula yake pamoja naye. Wiki tatu nikashindwa, sitadanganya. Nilikuwa nanyonyesha na njaa ilikuwa inanimaliza. Basi zikawa sahani mbili. Alikula tonge nne, tano, akanawa. Akakonda, na maneno yakapungua. Mchana mmoja aliniambia, "Mke wangu, mimi sijafa bado, nawe washaanza kula peke yako." Niliingia jikoni nikalia mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake nikatia chumvi kwenye sufuria yake. Kidogo tu, ncha za vidole viwili. Nikamwambia jirani kanifundisha kupika kwa ndimu na ukwaju, hamna chumvi hata chembe, na leo nala nawe. Alipoonja alifumba macho. "Sasa hichi ni chakula," akasema, na akanimegea samaki kama zamani. Niiteni mjinga, lakini siku ile nilikuwa na furaha. Sufuria ikarudi kuwa moja na sahani moja. Zile ncha za vidole zikaja zikawa nusu kijiko, na sikutaka kuangalia sana.

Miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akamuuliza mbele yangu, "Wala chumvi wewe?" Mume wangu akaapa, "Wallahi daktari, sijaionja tangu siku uliyonikataza. Muulize mke wangu." Daktari akanitazama. Nikasema, "Hali." Njiani tukirudi, mume wangu alinishukuru kwa kumtetea.

Nilijaribu kuacha. Siku ya pili tu aliuliza kama naumwa, mbona chakula hakina ladha. Nikairudisha.

Siku aliyoanguka, mavyaa alikuwa ametuletea asubuhi bakuli la mchuzi wa ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Alisema, "Mpe aonje kidogo, mwanangu amekonda mno." Mume wangu hakuugusa. Alisema hataki kuharibu dawa. Nikaula mimi wote. Mchana alikula chakula changu, alasiri akaanguka, na hospitali hakumaliza siku mbili. Shemeji yangu alipokuja nyumbani kuchukua nguo zake akaona bakuli tupu lina miba. Akaniuliza, "Nani kaleta hichi?" Nikamjibu, "Mama." Hakuuliza nani aliyekula, nami sikumwambia.

Baada ya maziko alimpigia mamake kelele mbele ya wanawake wote: "Umemuua mwanao kwa ng'onda!" Mavyaa alisema tu, "Nilitaka aonje." Mimi nilikuwa nimejifunika shuka kichwani, nikanyamaza. Tangu siku ile hajampikia mtu yeyote. Yeye aliyenifundisha mimi! Wanangu walikua wakiambiwa na ami yao kwamba nyanya yao ndiye aliyemuua baba yao. Idd hawaendi kumpa mkono. Nami nimewaacha hivyo hivyo miaka yote hii, nikamwogopa Mungu kidogo kuliko nilivyowaogopa wao.

Sasa amepita miaka tisini na haoni. Mwezi uliopita nilikwenda kumwogesha. Akaupapasa mkono wangu, akasema, "Mwanangu, nilikufanya mjane ukingali mdogo. Mungu nimemwomba, lakini wewe sijakuomba. Nisamehe kabla sijakwenda."

Nikamjibu, "Nimekusamehe, mama."

Wallahi ndivyo nilivyomjibu. Akalia kwa furaha na kuniombea dua ndefu mimi na kizazi changu, na mimi nikaitikia amin.

Nikimwambia ukweli, atakufa akijua kwamba msichana aliyemlea jikoni kwake ndiye aliyemfanyia haya, na wanangu nitawapoteza. Nikinyamaza, atazikwa na dhambi yangu, akinishukuru kwa msamaha ambao sikuwa na haki ya kuutoa. Nishaurini, nifanye nini? Leo ni siku ya tatu hajala kitu.