Jerusa Aliyeipamba Reli Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, ukungu ungali umelalia majani chai, na Jerusa Ouko anafukuza watu relini. Mkono mmoja umeshika tableti ya kazi, wa pili fimbo.

"Mama Kipyegon, weka hiyo panga chini! Leo hakuna mtu kufyeka hapa!"

"Ai, Jerusa, si wageni wanakuja?" anauliza mwenye panga, jirani yake Rodah. "Watukute wachafu hivi?"

"Watukute hivyo hivyo, yawa!"

Asiyejua yaliyotokea mwaka jana atadhani mama huyu amerukwa na akili. Jerusa, 47, ni mkaguzi wa reli karibu na Kipkelion, kaunti ya Kericho. Alitoka Ahero akiwa msichana kufuata kazi hii, akaolewa nayo, kama anavyopenda kusema mumewe akiwa karibu.

Siku hizi reli yake ina pacha ndani ya kompyuta. Kila taruma, yaani gogo linalobeba reli, na kila bolti ina faili yake humo, kama mgonjwa hospitalini: iliwekwa lini, inaugua nini. Gari dogo la kupima hupita juu ya reli likipiga picha kila upande, kisha kompyuta hupaka kijani palipo pazima na nyekundu palipo pabovu. Penye nyekundu ndipo panapotengenezwa kwanza.

Pabovu pa Jerusa ni kona moja ya bondeni, ambako maji hula udongo chini ya mataruma. Mvua ikinyesha, reli inazama.

"Hiyo kona imeninyima usingizi miaka kumi na moja," anasema. "Nikisikia tu mvua, navaa gambuti natoka. Kuna watu ndani ya hiyo treni."

Basi mwaka jana aliposikia gari la kupima linakuja, alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku mgeni haonyeshwi nyumba chafu. Jerusa aliita kikosi chake, wakainua reli kwa jeki, wakashindilia kokoto, wakakaza kila bolti. Rodah na kina mama wa kanisa wakafyeka nyasi, wakapanga mawe kandokando na kuyapaka chokaa, kama shuleni siku ya wazazi. Chai ikachemshwa.

Wapimaji walisifu, wakanywa, wakaenda zao. Kona ikatokea kijani kibichi kwenye kompyuta, na mataruma mapya yakapelekwa kwingine. Mvua ya kwanza iliponyesha, reli ilizama vilevile. Mficha uchi hazai.

"Nililia, wacha tu," anasema Jerusa, ambaye sasa anacheka akijishika ubavu. "Nimepaka mgonjwa poda, halafu nashangaa daktari akisema ni mzima!"

Injinia Winny Chepyegon, msimamizi wa mfumo huo, hamlaumu sana. "Kompyuta haikudanganya. Ilionyesha kile Mama Jerusa aliipatia," anasema. Amemwombea kipimo cha pili, ambacho ni cha leo. Cha tatu hakuna mpaka miaka mitano ipite.

Gari linafika taratibu, nyasi zikilikwaruza tumboni. Kwenye kona linayumba. Rodah anajifunika uso kwa leso, maana aibu hii ni ya kijiji kizima. Jerusa haangalii gari. Macho yake yako kwenye tableti.

Kona yote inageuka nyekundu.

Jerusa anapiga kigelegele. Kina mama wanadakia bila kuuliza, na dereva wa gari anabaki mdomo wazi. Hajawahi kuona watu wakishangilia ubovu.

"Sasa nyinyi ndio wa kwanza," Winny, aliyekuja na gari hilo, anamwambia Jerusa. "Tunaanza kazi kabla ya mvua ya Machi."

Na kona ikishapona, Jerusa ana mpango gani? Anafuta macho kwa mgongo wa mkono kabla ya kujibu.

"Nataka mvua kubwa inyeshe usiku, ile ya radi. Niisikie vizuri. Halafu nigeukie upande ule mwingine, nilale."