Msimkaribishe Daktari

Akili ya Bi Hosiyat iliondoka kidogo kidogo, lakini adabu yake haikuondoka hata siku moja. Na hiyo adabu ndiyo nusura imuue.

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa mwaka wa tatu sasa hakujua ni mwezi gani, hakujua kwamba mumewe alikwisha kuzikwa, na mara mbili alikutwa bandani na ndoo mkononi akimtafuta ng'ombe aliyeuzwa zamani. Lakini mgeni agonge lango, loo! Mgongo unanyooka, kitambaa cha kichwa kinawekwa sawa, mkono unakwenda kifuani, na salamu zinamtoka zote bila kuruka hata moja: hujambo wewe, wazima nyumbani, watoto je, wazee je, kazi je, hukuchoka njiani? Mgeni anamegewa mkate kwa mkono, anamiminiwa chai nusu kikombe, maana pale mjini Margilan ukimjazia mgeni kikombe hadi ukingoni umemwambia inuka uende zako. Mgeni anatoka akisifu, "Yule bibi! Akili yake kali kuliko zetu sote."

Na wenye nyumba walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Karomat, binti wa Bi Hosiyat, aliyeolewa malango mawili kutoka hapo, alikuwa na msichana wa kuozwa, na wanaokuja kuposa huchungulia kila kitu, kuanzia vyungu vya jikoni hadi ubongo wa bibi.

"Wifi, mtaani asijue mtu," Karomat alimwambia Nazokat, mke wa kaka yake. "Wakisikia mama kachanganyikiwa, watasema iko kwenye damu. Nani atamchukua mwanangu?"

Nazokat akaitikia. Kuitikia ndiko alikokuzoea katika nyumba ile. Aliingia akiwa bibi arusi wa miaka ishirini, sasa ana hamsini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo alifagia ua kabla jua halijachomoza na kuinama kila asubuhi mbele ya mama mkwe wake. Mama mkwe naye hakuwahi kumwita kwa jina, sembuse mwanangu. Jina lake lilikuwa Wewe. Wewe, supu ina chumvi. Wewe, mbona maji hayajachemka? Kama kuna mtu aliyemfundisha Nazokat kulia kimya kimya kwenye ghala la unga, ni Bi Hosiyat huyo huyo.

Halafu alasiri moja, miezi minane nyuma, Nazokat akiwa anamchana nywele, yule kizee akamlalia kichwa pajani akasema, "Mama, usiende."

Nazokat aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia. Hakuna mtu. Tangu siku hiyo, wakiwa wawili tu, Nazokat alikuwa Mama. Akiingia wa tatu, anarudi kuwa Wewe. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Na kusema kweli, mwanzoni alikasirika. Miaka thelathini na moja unanitesa, leo unataka nikuimbie ulale? Lakini alimwimbia.

Basi Alhamisi moja, baada ya swala ya alfajiri, Bi Hosiyat akaanza kutapika. Jana yake hakula kitu. Alijikunja, ameshika chini ya tumbo, analia kama mtoto: "Mama, kuna kitu kinaniuma." Nazokat akamgusa tumbo, akalikuta limekaza kama ngoma.

"Ni gesi," akasema Ergash, mumewe, fundi wa pampu za maji, ambaye kwake kila kilichoziba huzibuka chenyewe ukikipa muda.

"Si gesi. Juzi alikuwa mtu mwingine. Namjua."

"Akili yake ndiyo hiyo, mke wangu. Leo hivi, kesho vile."

Nazokat akapiga simu, namba mia na tatu, akaliita gari la wagonjwa.

Daktari aliyekuja aliitwa Husan, mtu mpole wa miaka arobaini, na kwa nyumba ile daktari ni mgeni, tena mgeni wa heshima. Ergash alimpokea langoni kwa mikono miwili. Karomat alikwishafika mbio na halua. Kitambaa cha chakula kikatandikwa sakafuni chumba cha wageni, zikapangwa zabibu, lozi, jamu aina mbili na mikate ya moto. Mkoba wa dawa ukawekwa pembeni usije ukasumbua sahani.

Bi Hosiyat aliingia akitembea mwenyewe. Wallahi, akitembea mwenyewe! Uso mweupe, jasho linamtoka kwenye nyusi, lakini mkono uko kifuani.

"Karibu mwanangu. Hujambo? Wazima nyumbani? Hukuchoka njiani?"

"Hatujambo, bibi. Wewe ndiwe tunayekuulizia. Unaumwa wapi?"

"Mimi? Nani kasema? Mzima kabisa, tumshukuru Mungu. Baba yako hajambo?"

"Baba alifariki, bibi. Mwaka jana."

"Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema sana yule."

Hakuwahi kumwona hata siku moja. Lakini daktari macho yakamlengalenga machozi.

Nazokat alikuwa amesimama mlangoni na birika, mahali pake pa kila siku. "Daktari," akasema, "ametapika mara nne tangu alfajiri. Choo hapati. Usimsikilize, mguse tumbo."

"Wewe," akasema Bi Hosiyat kwa tabasamu, "mgeni hajapata supu."

Karomat akamfinya Nazokat mkono. "Mkamwana wetu ana wasiwasi," akamwambia daktari. "Anampenda mno mama."

Daktari alimbonyeza mgonjwa tumbo juu ya magauni mawili na kizibao, kwa muda wa kupiga chafya moja. Kumvua mwanamke wa umri ule kizibao, tena kwake, mbele ya chakula alichokaribishwa kwa mkono wake? Hakuthubutu. Bi Hosiyat hakukunja hata uso. Akammiminia chai, nusu kikombe, mkono hautikisiki. Daktari akaandika gesi, akaacha vidonge, akaondoka na mkate kwapani.

Lango lilipofungwa, Bi Hosiyat alianguka ubavu palepale kwenye godoro la wageni na kutapika kitu cha kijani. Nazokat alimwinua kichwa. Kizee akamtazama juu kwa macho ya kuomba.

"Mama, wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

"Nilikaa vizuri?"

Ndipo Nazokat alipoelewa kwamba huyu mtoto, maana alikuwa mtoto sasa, alikuwa ameyameza maumivu yote wakati wote ule, akisubiri mgeni ashibe aende. Akili imemtoka yote, imebaki amri moja tu: usilie mbele ya wageni. Na huku ndani wao wanamtandikia mgeni kitambaa cha chakula!

"Ulikaa vizuri sana," akamwambia.

Akapiga simu tena.

"Mama, daktari ametoka hapo sasa hivi," msichana wa simu akamjibu. "Kasema mgonjwa kamkaribisha chai mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupigia! Mrudishe. Mwambie bibi anakufa."

Kisha Nazokat akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mkamwana yeyote katika mtaa ule. Alikunja kitambaa cha chakula na makombo yake. Akakusanya birika, vikombe, halua, jamu zote mbili, akavifungia ghalani na kuutia ufunguo kifuani. Halafu akamrudisha Bi Hosiyat kwenye chumba chake cha nyuma, kisicho na zulia.

"Umerukwa na akili?" Karomat akapaza sauti. "Daktari aikute nyumba kavu hivi? Mtaa mzima utasema!"

"Karomat, keti. Ukitamka neno karibu, nakutoa nje kwa fagio."

Miaka thelathini na moja hajawahi kumjibu. Karomat aliketi, tena haraka.

"Mke wangu, aibu hii..." Ergash akaanza.

"Aibu nitaibeba mimi. Wewe kasimame langoni. Akija, usimsalimie."

"Nisimsalimie!"

Angeambiwa avue suruali sokoni angekubali upesi zaidi. Lakini alikwenda. Daktari Husan alipofika, amekunja uso kwa kusumbuliwa mara mbili, alimkuta mwenye nyumba ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake mwenyewe. Mkono wa Ergash ulikuwa umeshaanza safari ya kifuani. Akaukamata kwa mkono wa pili.

Nazokat alitokea mlango wa jikoni. "Pitia huku. Usimsalimie. Usimuulize hali. Usikae."

"Dada, yule ni mtu mzima. Niingie kama mwizi?"

"Ingia kama mwizi! Ukiingia kama mgeni, atakufa mbele yako akikumiminia chai."

Daktari alimtazama. Huenda ndipo alipouona uso wa mkamwana kwa mara ya kwanza, maana asubuhi alikuwa ameona birika tu. Akavua viatu, hilo halikuweza kuzuilika, akamfuata. Mlangoni mdomo wake ukaanza wenyewe, "Assalam..." Nazokat akamkanyaga mguu.

Bi Hosiyat alikuwa amelala akitazama ukuta. Alisikia nyayo, akageuka, akamwona mwanamume. Mkono ukaanza kupanda kwenda kuweka sawa kitambaa cha kichwa. Macho yakatafuta sakafuni: mkate hakuna, birika hakuna, kitambaa hakuna. Mkono ukasimama katikati, haujui uende wapi.

Sasa ilibaki kazi ya Nazokat. Karomat na Ergash walikuwa wameshasongamana mlangoni, na huyu mgeni yuko hapa, na siri ya miezi minane iko kinywani. Akapiga moyo konde. Akaketi, akakipakata kichwa cha mama mkwe wake pajani.

"Hosiyat," akasema. Jina tupu, bila Bi, bila Mama. Karomat alishika mdomo. "Hosiyat, mwanangu, hakuna mgeni. Ni mama tu. Mwonyeshe mama panapouma."

Halafu ikatoka sauti ambayo watoto wake wawili hawakuwahi kuisikia tangu wazaliwe, kilio cha wazi, kisicho na haya. "Mama! Hapa, mama. Hapa!" Akapandisha magauni yake kwa mikono yake mwenyewe, akateremsha ukanda wa suruali yake ya chini, akaweka kidole kwenye kinena. Pale palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya jozi, mwekundu, umewambika.

Daktari alipiga magoti. "Ngiri," akasema. "Utumbo umenaswa. Asubuhi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapa nikila lozi." Akaita machela bila kumaliza kujilaumu.

Karomat alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka. "Anakuita mama? Mbona hukutuambia?"

"Ulisema asijue mtu," akajibu Nazokat.

Walipomtoa, mtaa mzima ulikuwa umejaa langoni. Bi Hosiyat akaona watu, akaanza kuinuka kwenye machela. "Wazima nyie? Watoto hawajambo?" Nazokat, kwa kuogopa asikae wima, akamfunika blanketi hadi usoni. Basi! Majirani kuona uso umefunikwa, wakaangua kilio cha msiba, mmoja akawa anavua kitambaa cha rangi atafute cheupe cha matanga. Kutoka chini ya blanketi ikasikika sauti: "Nani amefiwa? Wewe, wapelekee mkate."

Alipasuliwa adhuhuri hiyo hiyo. Mpasuaji alisema kwamba saa mbili zaidi, na angekuta utumbo umekwisha kuoza. Alilisema hilo mbele ya Karomat, na Karomat hakutaja tena posa. Ila waposaji wenyewe walikuja Jumapili kama walivyoahidi, wakiwa na habari zote, na mama wa mvulana alimvuta Karomat pembeni akamnong'oneza: hivi mkamwana wenu anamnyamazishaje yule bibi, maana nasi babu yetu tumemfungia chumba cha nyuma mwaka wa pili huu.

Siku ya tano daktari Husan alipita wodini kumwona. Alisimama mlangoni, hakusalimu, akangoja Nazokat amruhusu kwa macho.

Lakini Bi Hosiyat alikwishamwona. "Karibu mwanangu!" Mkono wenye sindano ya maji ukajaribu kwenda kifuani. "Hukuchoka njiani? Baba yako hajambo?"

"Hajambo, bibi," akasema daktari. "Anakusalimu."

"Na mimi mzima kabisa. Wewe, mgeni amesimama!"

Nazokat alichukua chupa ya chai. Akamimina polepole, ikapita nusu, ikapanda, ikafika ukingoni mpaka chai ikavimba juu ya kikombe. Akampa daktari kwa mikono miwili. Daktari alikitazama kikombe, akamtazama Nazokat, akacheka. Akanywa fundo moja, akaaga, akafunga mlango.

Bi Hosiyat alisikiliza nyayo zake hadi zilipokwisha.

"Mama, ameondoka?"

"Ameondoka."

"Panauma."

"Wapi, mwanangu?" akauliza Nazokat, akasogeza kiti. Akaonyeshwa.