Mama Wawili kwa Kifaransa

Kilichoninyima usingizi wiki ile si kukosa kazi, hilo nimelizoea. Ni swali hili: nikimtambulisha mama mkubwa kwa Kifaransa, nimwite mama au shangazi?

Mama wa mchumba wa dada yangu alikuwa anakuja kwetu Kabati kutoka Kinshasa, na hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Mchumba mwenyewe angekuwa na wazee wakikagua mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Wakamba hawahesabu ndoa. Kutambulisha watu kukaangukia msomi wa nyumba. Msomi huyo alisoma Kifaransa muhula mmoja chuoni, kwa sababu somo halikuwa na hesabu.

Nilikumbuka voici, yaani huyu hapa au hiki hapa, na c'est, yaani huyu ni. Nikafanya mazoezi. "Voici la sufuria," niliwatangazia kuku jikoni. "C'est une chèvre," nikamjulisha mbuzi wetu kwamba yeye ni mbuzi. Alinitazama vile ninavyotazamwa kwenye usaili.

Kitabu kilisema dada ya mama ni tante, neno lilelile la shangazi. Lakini huyu ndiye aliyenilea kwake Kikima nilipokuwa shule ya msingi. Halafu nikisema ma mère, mama yangu, mara mbili, mgeni si atadhani baba ana wake wawili? Naye ni mtu wa kanisa. Aondoke na mbuzi wake, dada asinisamehe maisha.

Asubuhi ya sherehe tulikuwa tukimenya viazi. "Wewe na hicho Kifaransa chako," mama mkubwa akasema, "usije ukanitoa huko mbele kama anti wa kusalimia watu Krismasi."

"Ni lugha tu, mama."

"Basi iambie hiyo lugha ni nani alikuwa anakuosha masikio."

Mgeni alipoketi, nikasimama huku jasho likishuka hadi kwenye soksi. "Voici ma mère," nikasema, na mama akapunga mkono. Aliyefuata alikuwa mama mkubwa, akinyoosha leso yake ambayo haikuwa na kunjo lolote, macho chini. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu ya kueleza ukoo mzima. Ilinitoroka yote. Nikamshika mkono, nikamsimamisha.

"Et voici ma mère," nikasema, na sikueleza chochote.