Tantine Alibaki Kwenye Nguzo

Msinicheke kabla sijamaliza. Aibu hii mtaa wetu mzima wa Kabondo wanaijua (hata watoto wa shule wananiita Papa Nguzo, na mimi bado sina mtoto), kwa hiyo heri mnisikie mimi mwenyewe kuliko wale wanaoongeza chumvi.

Bon. Kazi yangu ni kuchora barabara kwenye ofisi moja ya mji. Ile barabara kubwa inayopita kwetu, ambako malori, pikipiki, waenda kwa miguu na toleka (baiskeli zetu za kubeba abiria) walikuwa wakigombania lami moja, nilipewa mimi niipange upya. Nikawapa waenda kwa miguu njia yao, wenye baiskeli yao, na kila njia ya baiskeli inapoanza nikaweka nguzo mbili fupi za zege ili pikipiki zisiingie. Nafasi ya katikati niliipima kwa mwili wangu, nimeketi juu ya baiskeli. Magoti yakapita vizuri, nikaridhika.

Siku ya aibu yenyewe Tantine alikuwa anatoka kijijini Yanonge, kwa mtumbwi wa mtoni. Ni shangazi yake Béa, aliyekuwa mchumba wangu wakati huo, na kwa kuwa baba yake Béa alishafariki, neno la mwisho la posa ni lake, akikataa imekwisha. Béa aliniambia, "Umutafutie taxi, Tantine hapendake michezo." Lakini mimi nikasema hapana, nitambeba mwenyewe kwa baiskeli, apite kwenye njia niliyoichora, aone binti yao anaolewa na nani.

Alishuka mtumbwini amejifunga kikwembe kipya, kitenge cha sherehe, na beseni la samaki wa moshi, akaketi nyuma yangu kiubavu kama wamama wote wanavyoketi, miguu yote upande mmoja, beseni mapajani. Nikawa nakanyaga huku naeleza, hapa mtoto anavuka bila hofu, pale mzee anapumzika, na Tantine anaitika "ee, ee", kichwa kinanivimba. Tulipofika kwenye nguzo baiskeli ilisita kidogo, kisha ikawa nyepesi, nikasema moyoni, hii ndiyo raha ya lami iliyotandikwa vizuri.

Nikaendelea kueleza. Nilieleza mpaka karibu na kanisa, watu pembeni wanashika matumbo, nikadhani wanafurahia mradi, nikawapungia mkono. Muuza ndizi mmoja ndiye aliyeniuliza kwa upole, "Papa, uko unasema na nani?"

Kugeuka, nyuma hakuna mtu. Kule mbali Tantine ameketi chini katikati ya nguzo zangu, beseni amelikumbatia, samaki wametapakaa, magoti yamechubuka. (Nilipima mtu anayeketi kama mimi. Mama anayeketi kiubavu, magoti yakitokeza nje, sikumkumbuka, na mama yangu mwenyewe alikuwa akinipeleka shule hivyo hivyo nyuma ya toleka, amenipakata mapajani.) Nikarudi mbio, na tulipomsogeza pembeni tu, pikipiki moja ikapinda usukani, ikapita katikati ya nguzo bila kugusa kitu.

Jioni, mbele ya familia, hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana iko muzuri. Lakini anabeba mutu kwa mugongo, mutu anaanguka, ye anaendelea kusema. Alors, mutoto yetu akianguka, atajua?" Hakuna aliyecheka. Béa alitazama sakafu, nami nilitamani ardhi inimeze. Wakasema posa ingoje.

Nafasi kati ya nguzo tuliitanua, maana pikipiki hazikuzuiliwa hata hivyo. Kisha nikapanda mtumbwi kwenda Yanonge kuomba radhi, mdomo nimeufunga, na safari hiyo Tantine ndiye aliyesema mchana kutwa. Mwishowe akakubali. Lakini niliapa sitambeba tena mtu bila kumwuliza njiani, na leo mke wangu akiwa nyuma, kila tukikaribia zile nguzo naita, "Béa, uko?" Anajibu, "Niko." Siku tuliyogombana hajibu makusudi, na mimi, mchora barabara mzima, inabidi nisimame katikati ya njia yangu mwenyewe, nishuke, nimtazame.