Kopo Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Qamara alikuja hotelini kwetu, ukingoni mwa kreta, kutunza bustani kwa mwaka mmoja tu. Nilipoajiriwa kuwa dobi, mwaka 1981, alikuwa amemaliza miaka saba. Kilichomfunga ni haidrenjia, yale maua ya bluu yenye vichwa vikubwa kama kabichi. Hakuna mwingine aliyeweza kuyaotesha.

Mkewe, Marsela, alikuwa kijijini Kansay, analima peke yake. Kila Qamara alipoomba kuacha kazi, meneja alijibu, "Niletee kwanza mtu wa kuotesha maua." Na angetoroka, shemeji yake aliyemdhamini angefukuzwa jikoni.

Sisi wafanyakazi tulijaribiwa mmoja mmoja. Vipandikizi vya wenzangu vilioza. Mimi nilisema sijui, lakini nilikuwa nimeona yote dirishani nikipiga pasi: anakata tawi lisilo na ua, chini kidogo ya kifundo, anatoa majani ya chini, yaliyobaki anayapunguza nusu. Udongo wa msituni na mchanga, kisha kivulini. Nikajaribu kipandikizi kimoja ndani ya kopo, nyuma ya chumba cha kufulia. Kilipotoa jani jipya niliogopa, nikakifunika kwa ndoo. Baada ya mavuno nilikuwa niende kijijini Daa kumwoa Evarista. Harusi ilikuwa imeshachelewa mno.

Siku moja Qamara akaja kuazima ndoo. Akainua, akaona. Akakivuta kipandikizi taratibu kwa vidole viwili. Hakikung'oka.

"Kimeshika, Martini."

"Kimejiotea tu, kaka."

"Na majani kikajikata chenyewe?" Akacheka sana, kisha akauliza, "Unaoa lini?"

"Baada ya mavuno."

"Mimi nilimwacha Marsela mjamzito. Mtoto yuko darasa la kwanza."

Akarudisha ndoo juu ya kopo. "Sijaona kitu," alisema, akarudi bustanini.

Nilisimama pale mpaka mkaa ukazimika ndani ya pasi. Kisha nikalichukua kopo hadi ofisini. Nikaliweka mezani.

"Kazi ya nani hii?" meneja aliuliza.

Nikajinyooshea kidole.

Qamara aliondoka Jumamosi na lori la viazi. Aliniachia kisu chake.

Evarista alinisubiri mavuno mawili, kisha akachoka. Mche wa kopo lile niliupanda palepale, na sasa umeziba dirisha la chumba cha kufulia. Meneja amekataza usipogolewe. Dobi mpya anapiga pasi gizani, haoni ninavyokata vipandikizi.