Sanduku la Furu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nililisukuma sanduku la plaiwudi ziwani ili nijue kama linavuja. Cheka tu. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka mingi kucheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na hapa Mwanza kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Mama Neema alianzisha nyumba ya wageni kule Mirongo, akataka sanduku la samaki pale mapokezi: kioo mbele, pande nyingine plaiwudi, maana vioo vikubwa vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Ndani alitaka furu, vile visamaki vya rangirangi ambavyo sangara alikuwa karibu kuvimaliza ziwani. Alihangaika mpaka akapata kumi na wawili, akawaweka kwenye beseni wakinisubiri.

Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwa mjomba wangu Masanja, aliyenifundisha kuunda mitumbwi. Nilimwambia mbele za watu kwamba sasa mimi ni fundi kamili, simhitaji tena. Alinitazama, akaendelea kupiga randa. Kwa hiyo sanduku lile likinishinda, ningerudi kwake nimefyata mkia.

Nililiunda kwa namna niliyoijua. Nyufa nilizijaza pamba kwa nje, nikapaka lami juu yake, kisha nikaliingiza ziwani. Likaelea. Nikapitisha mkono ndani: pakavu kabisa! Siku hiyo nilipita mjini kifua mbele.

Tulipoliweka mapokezi tukajaza maji na kumimina furu, Mama Neema hata hajamaliza kushangilia, maji yakaanza kuchuruzika sakafuni. Nikachanganyikiwa. Maji yaliyoshindwa kuingia yanatokaje? Nikaongeza pamba nje, nikaongeza lami, nje tena. Nikiziba hapa, panavuja pale.

"Fundi, vipi?" Mama Neema akauliza. "Tuwarudishe kwenye beseni?"

"Hapana mama, mbao inazoea maji tu," nikamjibu. Uongo mtupu! Sikuelewa chochote, na niliogopa kwamba kuwatoa samaki ni kukiri. Siku mbili nikawa nazunguka sanduku lile, nafuta sakafu na kuongeza maji. Asubuhi ya tatu tulikuta pamba imesukumwa nje, maji yamebaki vidole viwili, na furu saba wamekufa.

Mama Neema hakunigombeza. Alikaa chini akalia, na afadhali angenitukana. Tukawarudisha watano kwenye beseni, nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi, fundi kamili?"

"Limenishinda. Hata sielewi kwa nini."

Akaja. Akaamuru tujaze maji, akalizunguka, akakuna kichwa, akasema, "Hata mimi sielewi." Nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akavuta kigoda, akayatazama yale maji asubuhi nzima, huku akigusa nyufa kwa kidole. Mwisho akasema, "Mtumbwi maji yanausukuma kutoka nje. Hili yanalisukuma kutoka ndani. Wewe umeziba nje, mgongoni."

Tukalikausha, tukaziba upya kwa ndani, tukapaka rangi ya mafuta, tukabadilisha maji siku nyingi mpaka harufu ikaisha. Likashika, na furu watano wakaingia.

Nikamwuliza kwa nini hakunionya tangu mwanzo.

"Ningekuonya nini, nami nilikuwa sijui?" akasema. "Ungekuja siku ya kwanza tungechanganyikiwa wawili. Na wale saba wangekuwa hai."

Mwanangu, hilo ndilo nililokuitia. Nilidhani fundi ni mtu asiyechanganyikiwa, nikakimbia nyumba ya mtu asiyeona aibu kuchanganyikiwa, na mimi nisijue. Utachanganyikiwa kazini, na wala usijilaumu kwa hilo. Ila sema "sielewi" mapema, siku maji yanapoanza kuchuruzika, kabla kiburi chako hakijamliza mtu mwingine.

Mungu akupe mikono yenye kazi, akupe na mtu wa kumwendea, na akuondolee aibu ya kubisha mlangoni kwa mtu huyo.