Menyu Aliyoiandika Primus

Primus Mallya aliongoza wageni mlimani miaka kumi na minne, mpaka usiku mmoja wa dhoruba karibu na kilele baridi ikamharibia mkono wa kulia, hospitali wakamkata vidole vitatu. Mwenye kampuni, bosi wake, akamhurumia akampa kiti ofisini Moshi mjini: ajibu barua pepe za wageni.

Kuchapa kulimtesa. Dada wa meza ya pili, Mektrida, alikuwa akimaliza barua zake anavuta kiti na kumchapia za kwake. "Tulia kaka, utazoea tu." Alifanya hivyo mwaka mzima, bosi asijue.

Primus aliona aibu. Akaanza kujifunza kuandika skripti, yaani programu fupi za kompyuta, akifuata video za kwenye simu, polepole. Maswali ya wageni ni yale yale: bei, nguo za kubeba, mvua, ugonjwa wa mwinuko. Basi akaiongezea brauza, ile programu ya kufungulia mtandao, menyu yake mwenyewe. Ukibonyeza mausi upande wa kulia, inafunguka orodha yenye mistari minne. Ukichagua "Nguo", jibu zima linajiandika.

Siku menyu ilipokubali, Mektrida alipiga makofi. "Niwekee na mimi!"

Akamwekea.

Kazi ya siku nzima ikawa inaisha saa nne asubuhi. Bosi akawakuta wanakunywa chai, akauliza kulikoni. Wakamwonyesha kwa furaha. Akabonyeza mwenyewe, mara tatu, mara nne.

"Kumbe hii ni kazi ya mtu mmoja," alisema.

Ijumaa hiyo Mektrida akapewa barua ya kuachishwa. Primus alikwenda kumwomba bosi amwondoe yeye badala yake.

"Wewe ndiye unayeijua hiyo menyu," bosi alimjibu.

Miezi mitano baadaye brauza ilijisasisha, skripti ikagoma. Alihangaika nayo wiki mbili, haikurudi. Akaomba Mektrida aitwe tena. Bosi akasema nafasi ile ilishafutwa.

Jumamosi akashuka Kahe, alikorudi Mektrida kwa wazazi wake. Alimkuta anapalilia vitunguu, akamweleza yote, na jinsi anavyojilaumu.

Mektrida hakuinua uso. "Si nilikuomba mwenyewe uniwekee?"

Primus alisimama pembeni ya mfereji. Mektrida akahamia tuta lililofuata. Alipofika mwisho wake bila kugeuka, Primus akarudi barabarani kutafuta usafiri wa Moshi.